Meza Tisa za Tasnifu Yangu

Kalenda iliyokuwa nyuma ya mlango wa chumba changu cha Kikoni, mwendo wa dakika chache kutoka Wandegeya jijini Kampala, ilitolewa bure na duka la vifaa vya ujenzi, na juu yake palikuwa na picha ya mabati ya kijani. Mwanzoni mwa Januari 2022 nilichukua kalamu ya buluu nikaijaza: Februari sura ya nne, Aprili sura ya tano, Juni hitimisho na marejeleo, Julai kuwasilisha. Kuanzia Agosti hadi Desemba sikuandika chochote. Miezi hiyo mitano niliiacha myeupe kwa makusudi, nikiamini kwamba nikishakabidhi tasnifu yangu ya uzamivu nitapumzika kidogo, nitaitetea mbele ya watahini, nitavaa joho, kisha maisha yataanza.

Nilikuwa na miaka 38. Nilikuwa na watoto wawili waliokuwa wakikaa kwa mama yangu Busia, mume anayefanya kazi ya uwakala wa forodha Malaba, likizo isiyo na malipo kutoka shule ya sekondari niliyokuwa nikifundisha karibu na Tororo, na vipindi vya kufundisha kwa muda katika chuo kikuu kimoja cha Kampala ambacho sitakitaja. Utafiti wangu ulihusu Kiswahili cha wanawake wanaofanya biashara ndogondogo katika mpaka wa Busia, kati ya Uganda na Kenya, Kiswahili ambacho nilikua nikikisikia kabla sijajua kwamba kina ngeli. Jinsi nilivyokusanya data ni habari ndefu na si ya leo. Itoshe kusema kwamba nilipata kibali cha maadili, nikauandikisha utafiti kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kama inavyotakiwa, nikaanza kurekodi, na Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa watu kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yakiendelea kupita huku wanawake niliokuwa nikiwarekodi wakibaki nyumbani na bidhaa zao. Zaidi ya mwaka mzima wa mpango wangu uliondoka hivyo. Kwa hiyo Januari ile, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili, nilijiona mtu aliyechelewa, na mtu aliyechelewa hupanga mambo kama anayekimbilia basi: macho yote yako mlangoni, linakokwenda ataliuliza akishaketi.

Pasaka ya mwaka huo nilisafiri kwenda Busia, zile kilomita kama 200 ambazo mtu huzizoea mpaka akajua kwa harufu ya nyama choma na gonja kwamba basi limefika Namawojjolo. Mama yangu huuza dagaa, ambao sisi upande huu tunawaita mukene na wenzetu wa Kenya wanawaita omena, na jioni ile alikuwa ameketi kwenye mkeka uani akiwapepeta kwenye ungo ili mchanga utoke. Nilikuwa nikimweleza kwa fahari jinsi nitakavyowasilisha mwezi Julai. Alinisikiliza bila kuinua uso, kisha akauliza, “Sasa, mwanangu, hicho kitabu kikishaingia kwa wakubwa, watakaa nacho muda gani?”

Nikamwambia labda miezi mitatu, au zaidi kidogo.

“Na wewe hiyo miezi utakuwa unakula nini?”

Alirusha dagaa juu, akawapokea, akaokota kijiwe kimoja kwa kucha na kukitupa. Hakuwa akinidhihaki, lilikuwa swali la biashara. Yeye akinunua gunia la dagaa wabichi anajua kwamba jua likigoma kwa siku tatu pesa yake imelala, na kwa hiyo hanunui gunia bila kuwa na kitu kingine cha kuuza siku hizo tatu. Mimi nilikuwa nimenunua gunia la miaka minne na sikuwa na hata fungu la nyanya pembeni.

Mume wangu alikuja kutoka Malaba siku iliyofuata, na baada ya watoto kulala nikamrudia swali lile. Kazi yake ni kusubiri makaratasi. Siku hizi mengi yanapitia kwenye kompyuta, lakini bado lori linaweza kusimama siku mbili kwa sababu ya kitu kimoja ambacho mtu fulani hajakiidhinisha, na dereva akipiga simu kuuliza “imefika wapi?” mume wangu hukasirika. Aliniambia kwamba mimi nami nilikuwa nikiuliza swali la dereva. “Faili halitembei lenyewe,” alisema. “Uliza liko mezani kwa nani, huyo naye anasubiri nini, na akimaliza linakwenda kwa nani.” Tukachukua fomu moja kuukuu ya forodha, tukaigeuza, tukaanza kuhesabu meza ambazo tasnifu yangu ingepitia kutoka siku nitakayoikabidhi hadi siku nitakayoitwa daktari. Zilifika tisa: msimamizi wa kwanza na wa pili, idara, ofisi ya masomo ya uzamili, mtahini wa ndani, mtahini wa nje, jopo la utetezi, msimamizi tena kwa ajili ya kuthibitisha masahihisho, na seneti inayopitisha orodha ya mahafali. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne na hesabu hiyo nilikuwa sijawahi kuifanya. Mbaya zaidi, kwa meza tano kati ya hizo sikujua ni nani hasa anayekalia kiti.

Niliporudi Kampala nilikwenda kwa karani wa ofisi ya masomo ya uzamili, mama mmoja mpole ambaye maprofesa humpita bila salamu, nikamwomba anieleze kila meza huchukua muda gani. Kila chuo kina mtu wa namna hii, na ajabu ni kwamba wanafunzi wengi humfahamu katika wiki ya mwisho, wakati wa kugombana naye. Aliniambia kwamba watahini hawatafutwi siku tasnifu inapofika, bali majina yao yanaweza kupendekezwa mapema, mara mwanafunzi anapotoa taarifa ya nia ya kuwasilisha. Kwamba mtahini wa nje akikataa, utafutaji huanza upya. Na kwamba mahafali ni mara moja kwa mwaka, hivyo anayemaliza masahihisho wiki moja baada ya orodha kufungwa husubiri mwaka mzima. Alisema haya yote kwa dakika kumi, akigonga mihuri barua za watu wengine. Nilimuuliza msimamizi wangu baadaye, “Profesa, mbona hukuniambia haya?” Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Hukuuliza,” akasema, na alikuwa sahihi, ingawa bado nadhani angeweza kunidokezea.

Nilinunua kalamu nyekundu. Kazi iliyokuwa mikononi mwangu iliendelea kuwa ya buluu, na kila muda ambao tasnifu ingekuwa mezani kwa mtu mwingine niliupaka wekundu. Kalenda ya mabati haikutosha. Ilinibidi kuchora miezi ya mwaka 2023 kwenye karatasi ya manila na kuibandika chini yake. Nilipomaliza nilikaa kitandani nikaitazama. Kuandika kulikokuwa kumebaki kulikuwa miezi mitano ya buluu, na baada yake ulifuata wekundu wa karibu mwaka na nusu. Huo ndio uliokuwa wakati ambao sikuwa nimeupangia chochote, si kazi, si kodi ya nyumba, si ada ya shule ya binti yangu aliyekuwa akikaribia mtihani wa kumaliza darasa la saba.

Wahenga wetu hawakusaidia sana hapa, kwa sababu wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hao hao wakasema mstahimilivu hula mbivu. Mtu huchagua methali kulingana na anachotaka kufanya. Mimi nilichagua kuondoka Kampala.

Uamuzi huo wenzangu hawakuuelewa, na ninakiri kwamba kwa miezi kadhaa mimi mwenyewe niliuogopa. Kuna imani miongoni mwetu tuliokuwa tukifundisha kwa muda kwamba anayetaka kazi ya kudumu chuoni sharti aonekane: asalimie kwenye korido, akubali kusimamia mitihani isiyo yake, asahihishe karatasi za watu, awe karibu siku nafasi itakapotokea. Mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba anayetoka Kampala kabla ya utetezi harudi. Sikumbezi, nimewaona waliopata kazi kwa njia hiyo. Lakini nilipopiga hesabu, malipo yangu ya muhula wa nyuma yalikuwa hayajalipwa, ya muhula uliokuwapo yangelipwa Mungu akipenda, na kodi ya Kikoni ililipwa kila mwezi bila kutaja Mungu. Tangu hapo niliacha kuyaandika malipo ya muda katika safu ya mapato. Yakija, yanaingia kwenye akiba ya kikundi chetu cha wanawake. Yasipokuja, hakuna chakula kilichokuwa kikiyasubiri. Ni kanuni ndogo, lakini ndiyo iliyonifanya nikaweza kusoma maandishi yangu usiku bila kuhesabu deni kati ya aya moja na nyingine.

Nilimwandikia mkuu wa shule yangu kwamba ningerudi darasani muhula wa tatu, nikaikabidhi tasnifu Septemba 2022, miezi miwili nyuma ya kalenda ya buluu, nikapakia vitabu kwenye magunia mawili, nikapanda basi la kwenda mashariki.

Mwezi Julai mwaka huo huo Baraza la Mawaziri lilikuwa limeidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na kupendekeza kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katiba ilikuwa imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini kati ya kutajwa na kufundishwa pana safari, na walimu wake ni wachache. Mpango wangu wa maisha haukuwa na mstari hata mmoja kuhusu jambo hilo, jambo la aibu kidogo kwa mtu anayeandika tasnifu juu ya Kiswahili nchini Uganda. Nilikuwa nimeitazama kazi ya uhadhiri pekee, kama vile shahada ya uzamivu ni tiketi ya basi moja.

Nilipofika shuleni nilikuta walimu wa historia na wa elimu ya dini wameambiwa wajiandae kufundisha Kiswahili. Walikuwa na hofu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu wazima bado wanakihusisha Kiswahili na kambi za askari na vizuizi vya barabarani, na asiyekiogopa kwa sababu hiyo hukiogopa kwa sababu ya sarufi. Walianza kuja kwangu baada ya vipindi, wawili, kisha watano, na mwanzoni mwa 2023 tulikuwa tukikutana kila Jumamosi asubuhi katika darasa la kidato cha pili, watu kumi na wanne kutoka shule nne, kila mmoja akichangia fedha kidogo ya chai na karatasi. Mkuu wa shule mmoja alianza kunilipa kwa ajili ya walimu wake. Hapo ndipo rekodi zangu za Busia zilipofanya kazi ambayo sikuwahi kuifikiria. Niliwasikilizisha mwanamke wa mpakani anayepanga bei kwa Kiswahili, anamkemea mtoto wake kwa Kisamia, anabadilisha shilingi za Uganda kuwa za Kenya kichwani, na anavunja upatanisho wa ngeli mara tatu katika sentensi moja bila muuzaji mwenzake kupotewa na maana hata chembe. Mwalimu wa historia alicheka, akasema, “Kama huyu haogopi, mimi naogopa nini?” Kisha tukafungua ubao na kuzisahihisha zile ngeli, maana wanafunzi wake wangetahiniwa kwa Kiswahili sanifu, si kwa huruma.

Niliandika mazoezi ya kila Jumamosi kwenye daftari, na baada ya miezi sita daftari lile lilikuwa limekuwa mwongozo. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nikijenga kazi. Nilidhani ninasubiri watahini.

Watahini, kwa kweli, walikuwa wakinisubirisha. Mtahini wa nje wa kwanza alinyamaza miezi mitatu kisha akajibu kwamba hana nafasi. Kwa kuwa nilikuwa nikiuliza swali la mume wangu na si la dereva, nilijua siku ile ile kwamba faili limerudi idarani na kwamba meza hiyo inahitaji jina jipya. Nilimwandikia msimamizi barua pepe ya mistari minne nikiwa na majina mawili mkononi, na wiki mbili baadaye mwaliko mwingine ulitumwa. Ningekuwa nimeuliza tu “imefika wapi?”, ningejibiwa “iko kwa watahini”, na jibu hilo lingekuwa la kweli kabisa na lisilo na faida.

Hata hivyo kuna nilipokosea vibaya. Februari 2023 chuo kikuu kimoja kilitangaza nafasi ya mhadhiri wa Kiswahili, mahali ambapo ningeweza kwenda na watoto. Tangazo lilitaka shahada ya uzamivu, au uthibitisho kwamba mwombaji amekwisha kuwasilisha tasnifu. Mimi nilikuwa nimewasilisha miezi mitano iliyopita na sikuwa na karatasi hata moja inayosema hivyo. Niliomba barua Jumatatu, mwombaji mwingine akiwa na yake tangu zamani; yangu ilitoka siku nne baada ya tarehe ya mwisho. Hakuna aliyenidhulumu. Barua kama hiyo huombwa siku ile ile ya kukabidhi tasnifu, huku karani akiwa bado ameshika kalamu, na nakala zake huwekwa kwenye simu, kwenye barua pepe na kwa mtu mwenye kabati lenye kufuli. Nililia siku moja, na nadhani ilikuwa sawa kulia.

Kosa hilo lilinifanya nisome masharti ya matangazo kwa makini zaidi kuliko nilivyowahi kusoma nadharia yoyote ya isimujamii. Niligundua kwamba kila mfadhili ana saa yake. Ufadhili wa Umoja wa Ulaya unaoitwa kwa jina la Marie Skłodowska-Curie, kwa mfano, wakati huo ulimkubali mtu aliyekwisha kutetea tasnifu yake hata kama bado hajatunukiwa shahada, lakini haukumtaka aliyepitisha zaidi ya miaka 8 ya uzoefu wa utafiti baada ya shahada hiyo. Wengine huanza kuhesabu kutoka tarehe iliyo kwenye cheti. Kwangu, mwenye mtoto wa miaka sita na mwingine anayeingia sekondari, hii ilimaanisha kwamba swali la kwenda nje kwa mwaka mmoja au miwili lilikuwa na mwisho wake, na kwamba lilipaswa kuzungumzwa nyumbani sasa, si siku barua ya ufadhili itakapofika. Tulilizungumza. Mume wangu alisema niende baada ya binti yetu kumaliza kidato cha pili. Mama alisema niende mapema, kabla magoti yake hayajachoka kukimbia na mdogo. Tulikubaliana na mama, kwa kuwa magoti ni yake.

Nilitetea Julai 2023. Juu ya saa mbili zile sina mengi ya kusema, kwani wengi husimulia utetezi wao kama vita na wangu ulikuwa mazungumzo yenye joto, isipokuwa kwamba swali gumu kuliko yote lilihusu ufundishaji, na nililijibu kwa mifano ya Jumamosi. Nilipewa masahihisho 41. Niliyaandika kwenye jedwali: alichosema mtahini, nilichobadilisha, ukurasa. Mengi yalikuwa ya tahajia na marejeleo, na matatu tu ndiyo yaliyonichosha. Niliyamaliza Septemba, kwa sababu orodha ya mahafali ilifungwa Oktoba na karani alikuwa ameniambia.

Mahafali yalifanyika mwanzoni mwa 2024. Mama alikuja kutoka Busia na gauni la gomesi la rangi ya zambarau, akakaa juani chini ya hema kwa saa tano bila kulalamika, akapiga vigelegele jina langu lilipotajwa, na mara moja kabla halijatajwa. Kufikia wakati huo chuo cha ualimu kilikuwa kimenipa mkataba wa kuwaandaa walimu wa Kiswahili, siku tatu kwa wiki, kwa kutumia ule mwongozo wa daftari. Ombi langu la kazi ya uhadhiri lilikuwa mezani kwa mtu ambaye jina lake nilikuwa nalijua. Na ombi la ufadhili lilikuwa nusu limeandikwa.

Tulipokuwa tukitafuta kivuli cha kula, mama aliomba akione cheti, akishike. Nikamweleza kwamba leo wametutunuku tu, cheti chenyewe hutolewa baadaye, baada ya miezi kadhaa, kikishatiwa saini.

“Kwa hiyo bado?” akauliza.

“Bado, mama.”

Alifungua mfuko wake, akatoa chapati zilizofungwa kwenye gazeti, akanipa mbili. “Na sasa kiko kwa nani?”